Moto (pikipiki) ilizimika kule juu Kitulo kwa baridi na mvua, ilipofika chini ikapona yenyewe. Nani anajua ni nini?

#1 Mwana_Katuba (Lubumbashi)
Jambo yenu wote. Niko na swali kwa wale banajua moto na wale banajua milima, maana hii kitu imenikaa kwenye kichwa tangu turudi.

Mwezi wa 11 tulitoka Lubumbashi watu watatu, moto tatu, hema mbili. Kasumbalesa, Kapiri Mposhi, Serenje, Mpika, Nakonde, Tunduma mpaka Mbeya, kisha tukaenda Chimala na kupanda Matamba kwenda uwanda wa Kitulo, kusini mwa Tanzania. Siku 16 jumla, na usiku 11 tulilala kwenye hema. Yangu ni moto ya cc 200 ya karabirateri (kabureta). Zambia nzima haikunisumbua hata mara moja, na ile mvua ya Mpika ilitupiga siku mbili bila kuacha. Zile kona za Chimala ilipanda, nzito kidogo lakini ilipanda.

Sasa kufika kule juu kwenye uwanda, simu ya mwenzangu ilionesha karibu mita 2,700, ukungu ukatushukia kama mtu amefunika sufuria. Manyunyu, upepo, vidole havisikii tena brake. Moto ikaanza kukohoa. Nikifungua gazi (mkono wa mafuta) inakamata, nikiachia inataka kufa. Kama kilomita sita hivi ikazima kabisa. Kiki mpaka mguu ukauma. Tukafunga bashi (turubai) kati ya moto mbili, tukachemsha chai, dakika labda 20, nikajaribu tena ikawaka kiki ya kwanza!! Ikatembea kidogo ikafa tena. Giza linaingia, mwenyekiti wa kijiji akatuonesha fasi ya kulala nyuma ya shamba la viazi. Asubuhi moto imelowa yote na haitaki. Tukaisukuma kwenye mteremko ndiyo ikakubali. Kushuka Chimala, jua, joto, ikawa nzima kama haijaugua, na mpaka leo hapa mjini haijakohoa.

Za wenzangu: moja ni ya enjeksio (haina karabirateri, mafuta yanapulizwa kwa umeme), haikufanya kitu. Ingine ya karabirateri kama yangu, ilikohoa lakini haikuzima.

Fundi wangu amefungua karabirateri, anasema iko safi. Mimi nataka kurudi kule, lakini siwezi kurudi kama sijui iliugua nini.

#2 Fundi_Likasi
Hiyo ni urefu wa mlima tu ndugu yangu, usihangaike. Kule juu hewa ni nyepesi lakini jigleri yako (kile kitundu cha kupima mafuta ndani ya karabirateri) inamwaga esanse (petroli) ile ile ya Lubumbashi. Esanse mingi, hewa kidogo, moto inanyongwa. Enjeksio haikusumbuka kwa sababu iko na kifaa kinachopima hewa na kupunguza esanse yenyewe. Kwa 2,700 unakuwa umepoteza nguvu asilimia 30. Weka jigleri ndogo namba moja au mbili, maneno kwisha.

#3 Dokta_Bujie
Mbele ya kubadilisha jigleri, bujie (plagi) ilikuwa rangi gani? Kama ulitoa bujie kule juu utuambie. Rangi ya chokoleti ni afya, nyeusi ya masizi ni esanse mingi, nyeupe ni hewa mingi. Bujie haisemi uongo.

#4 Mwana_Katuba
@Dokta niliitoa asubuhi. Nyeusi kama makaa, na imelowa. Nilifuta na kitambaa nikairudisha. Na nilivuta sitarteri yote sababu ya baridi.

#5 MtotoWaTunduma
Habari za humu wakuu. Kiongozi, moto ina kiki halafu unavuta starter ya nini tena? Au unasema ile swichi ya umeme?

#6 Dokta_Bujie
@MtotoWaTunduma sitarteri kwetu ni ile mnaita choki huko kwenu. Kifaransa kimetuletea hiyo.

#7 MtotoWaTunduma
Aaah sawa, nimekupata. Basi mkuu hapo ulijimaliza mwenyewe. Choki inafunga hewa au kuongeza mafuta, na wewe uko 2,700 ambako hewa tayari haitoshi. Hapo ni kumpa uji mtu aliyeshiba. Huku Mbeya bodaboda wanaopanda kupeleka abiria Kitulo wakiona chombo hakiwaki wanafanya kinyume, choki haivutwi, mkono wa mafuta unafunguliwa mpaka mwisho, wanapiga kiki mara kumi kukausha plagi. Plagi ndiyo bujie kwenu hahaha.

Na mafuta uliyanunua wapi?

#8 Mwana_Katuba
Hiyo ya sitarteri nakubali kwa asubuhi, sikujua. Lakini mchana kwenye barabara sikuivuta, na ilizima.

Esanse: tanki tulijaza Chimala kwenye kituo. Matamba nikaongeza litre tatu za kwenye chupa, sawa na kadafi wetu hapa (wauza esanse wa barabarani).

#9 MtotoWaTunduma
Chupa!! Jibu hilo hapo.

#10 Fundi_Likasi
Urefu wa mlima. Narudia.

#11 Bukavu_Moja
Niruhusuni ndugu. Nimesoma ile sehemu ya dakika 20 na chai mara tatu. Ingekuwa urefu wa mlima tu, kukaa dakika 20 kusingebadilisha kitu, mlima haukushuka wakati mnakunywa chai. Ingekuwa esanse mbaya, vilevile ingebaki mbaya. Kitu kinachopona chenyewe kwa kukaa tu ni barafu.

Iko hivi. Esanse ikigeuka mvuke ndani ya karabirateri inanyonya joto, na hewa ikipita kwenye ile koo nyembamba nayo inapoa. Joto linaweza kushuka digri 20 hapo ndani. Kama nje ni digri 8 na hewa imejaa maji ya ukungu, yale maji yanaganda kwenye kipepeo cha gazi na kwenye kitundu cha ralanti (mwendo wa polepole gazi ikiachiwa). Ukiwa umefungua gazi nyingi inapita kwa nguvu, ukiachia njia imezibwa na barafu, inakufa. Ukisimama, joto la mota (injini) linapanda na kuyeyusha, inawaka kiki ya kwanza, na ukifungua uangalie hukuti kitu. Mjomba wangu alikuwa fundi wa ndege ndogo pale Kavumu, ndiye alinifundisha. Ndege za karabirateri ziko na mkono maalum wa kuleta hewa ya moto kwa sababu hiyo tu, na rubani anautumia hata siku za joto la digri 15 au 20 kama hewa imelowa.

Mimi ilinipata Nyungwe, upande wa Rwanda, nikitoka Rusizi kwenda Huye. Pale karibu na Pindura, juu ya 2,400, ukungu, moto ikazima mara nne. Kila nikisimama dakika kumi inawaka. Kufika Kitabi kwenye mashamba ya chai ikanyamaza kabisa, haikurudia tena.

#12 Fundi_Likasi
Barafu kwa digri 8? Afrika? Niko kwenye karabirateri miaka 22, sijawahi kuona barafu ndani.

#13 Mwalimu_Kampemba
Ndugu Fundi, huwezi kuiona kwa sababu mpaka ufungue bisi (skrubu) ya kwanza imekwisha yeyuka. Mimina esanse kidogo kwenye kiganja chako kisha upulize, utasikia baridi inakuuma. Ndiyo hiyo hiyo.

Lakini na wewe uko na haki upande mwingine, ila namba zako nazirekebisha. Hiyo asilimia 30 ni kama mtu anatoka baharini, Dar au Muanda. Mwana_Katuba alitoka Lubumbashi, na sisi hapa tayari tuko karibu 1,200. Kutoka 1,200 kwenda 2,700 hewa inapungua kama asilimia 17, na baridi inarudisha kidogo kwa sababu hewa ya baridi ni nzito. Moto inaweza kuwa mvivu kwa asilimia 17, lakini kuzima kabisa? Kule kuna watu wanapanda kila siku na moto za 125 na magunia ya viazi juu.

#14 Fundi_Likasi
Hao moto zao zinaishi kule mwalimu, zimefungwa kwa hewa ya kule. Ya kwake imefungwa kwa hewa ya huku. Halafu karabirateri ziko aina mbili, ile ya pistoni inayovutwa na kabo (waya wa gazi) moja kwa moja, na ile ya mpira inayojipima kidogo na hewa. Ile ya mpira inavumilia mlima kuliko ya pistoni. Yako ni ipi?

#15 Mwana_Katuba
Ya pistoni. Ya mwenzangu iliyokohoa tu ni ya mpira.

#16 Fundi_Likasi
Haya. Mumeona?

#17 Mama_Bisikiti
Mimi sina moto lakini uzi umenishika 😄 Swali langu: hewa ikiwa kidogo hivyo, chakula kinaiva?

#18 Mwana_Katuba
@Mama_Bisikiti maharage tulipika usiku ule masaa manne na bado yalikuwa yanagonga meno. Bukari (ugali) iliiva lakini ilitaka mkono na moto mukali. Kesho yake tulikula viazi vya kuchoma na chumvi, mwenye shamba alitupatia ndoo nzima na akakataa faranga.

#19 Mwalimu_Kampemba
Kule maji yanachemka kwa digri kama 91, hapa kwetu 96. Yanatoa mapovu lakini hayana joto la kutosha la kuvunja haragwe. Loweka tangu asubuhi kwenye bidoni (dumu), moto ikitembea yanatikisika, jioni yako tayari.

#20 Yaya_Kenya
Jambo. (Kenya commune jamani, siyo Kenya ya Nairobi, naulizwaga kila siku.)

Mimi naendesha moto miaka tisa na nimefika Mbeya mara mbili peke yangu. Nauliza kitu ambacho hakuna mwanaume mmoja hapa ameuliza. Mwana_Katuba, juu ya tanki uliweka nini?

#21 Mwana_Katuba
Yaya, niliweka sakoshi (mkoba) ndogo ya simu na makaratasi. Na juu yake nilifunga plastiki sababu ya mvua.

#22 Yaya_Kenya
Plastiki ilifunika kifuniko cha tanki?

#23 Mwana_Katuba
...Ndiyo. Nilifunga na kamba ya mpira, maji yasiingie.

#24 Yaya_Kenya
Basi umeziba pua ya tanki. Kwenye kifuniko kuna katundu kadogo ka hewa. Esanse ikitoka chini hewa lazima iingie juu, isipoingia tanki inavuta ndani kama mtoto anayenyonya chupa, mwishowe esanse haishuki tena. Inatembea kilomita tano, sita, inakufa. Unasimama, hewa inajipenyeza polepole, unakunywa chai yako, dakika 20 imejaa, inawaka kiki ya kwanza. Inafanana na hadithi yako neno kwa neno. Ilinipata Serenje, kwenye jua kali, hakuna mlima, hakuna ukungu. Nilipofungua kifuniko nilisikia fuuuu, nikajua.

#25 MtotoWaTunduma
Dada umemaliza. Uzi ufungwe.

#26 Dokta_Bujie
Aksanti yaya, hii imeshiba. Lakini ngoja. Tanki ikikosa pua, mota inakosa esanse, bujie inakuwa kavu. Yeye aliikuta nyeusi na imelowa.

#27 Yaya_Kenya
Aliitoa asubuhi Dokta, kisha ya kuvuta sitarteri na kupiga kiki mara mia. Hata bujie ya malaika ingelowa.

#28 Bukavu_Moja
Plastiki ile ilifungwa kuanzia wapi? Kama ilikuwepo tangu Mpika kwenye mvua ya siku mbili, kwa nini haikuzima huko?

#29 Mwana_Katuba
Swali nzuri. Mpika plastiki ilikuwepo. Labda sikuifunga sana, sikumbuki. Kule juu niliikaza sababu ya upepo.

Na kitu kimoja yaya: usiku nilifungua kifuniko niangalie esanse imebaki ngapi. Sikusikia fuuu. Na asubuhi bado haikutaka.

#30 Goma_Ndosho
Moto mtajua nyinyi, mimi nataka kuongea juu ya vidole. Mwenye uzi amesema vidole havikusikia brake, hiyo ni hatari kuliko moto kuzima. Huku sisi tunavaa mifuko ya plastiki ndani ya viatu, juu ya soksi, na ingine ndani ya glavu. Gazeti kwenye kifua chini ya koti. Upepo haupiti.

#31 MtotoWaTunduma
Gazeti sawa. Mifuko ya plastiki usije nayo Tanzania mkuu, imepigwa marufuku tangu tarehe 1 mwezi wa 6 mwaka 2019. Mpakani wanakuambia uiache.

#32 Bukavu_Moja
Na Rwanda tangu 2008. Wa Goma unajua vizuri, kwenye mpaka wanapekua mpaka kwenye mkate 😄

#33 Goma_Ndosho
Najua sana. Basi glavu za mpira zile za kuosha vyombo, vaa juu ya glavu za kawaida. Haina uzuri lakini mkono unabaki wako.

#34 Kijana_wa_Makete
Salaam wote, mimi ni mwenyeji wa huko mnakosema. Hongereni kwa kufika. Mmechagua mwezi mgumu. Mwezi wa 11 mvua ndiyo zinaanza na hazina ratiba. Mwezi wa 6 na wa 7 ni kukavu, ila usiku baridi inaweza kushuka mpaka chini ya sifuri, unakuta majani meupe asubuhi. Maua yenyewe ni kuanzia wa 12 mpaka wa 4, na huko ndiko kwenye tope. Hakuna mwezi wa bure. Uchague unataka kuteseka na nini.

Kosa lenu naliona kwenye saa. Mlipanda mchana. Kwetu asubuhi mpaka saa nne ni kweupe, ukifika saa nane ukungu unakuja kutoka upande wa Ziwa Nyasa. Upepo unatoka ziwani, unagonga milima, unapanda, unapoa, unamwaga maji. Ndiyo maana Tukuyu inapata zaidi ya milimita 2,000 kwa mwaka, wakati Usangu upande wa pili kunakauka.

#35 Mwalimu_Kampemba
Aksanti kijana. Ila ile mvua ya ghafla ya mchana, mimi nafikiri ni zaidi ya jua la uwanda wenyewe na la bonde la Usangu. Ardhi inapata joto asubuhi, hewa inapanda, wingu linajengeka juu yako wewe mwenyewe. Ziwa linaleta ule ukungu wa manyunyu. Ile ya radi na mawe ni ya jua.

#36 Kijana_wa_Makete
Mwalimu, nimezaliwa huko. Mawe yenyewe tunayaona yakitokea upande wa ziwa.

#37 Mwalimu_Kampemba
Sikatai unachokiona. Lakini wingu linaweza kutokea upande wa ziwa bila kuwa la ziwa.

#38 Mama_Bisikiti
Kitulo si ndiko kunakotoka kikanda?? Niliambiwa na wale wanaoleta kutoka Zambia.

#39 MtotoWaTunduma
Chikanda, ndiyo. Mizizi ya okidi. Inapita hapa kwetu kwenye magunia kwenda Nakonde, imeanza zamani sana.

#40 Mama_Bisikiti
Mimi napika. Unasaga pamoja na karanga, unaweka pilipili na soda, inashikana kama sosiso kubwa, unakata vipande. Hapa Lubumbashi watoto wa shule wanaipenda kuliko mkate. Sikujua kama ni maua.

#41 Kijana_wa_Makete
Mama, ni maua, na ndiyo uchungu wetu. Ukichimba kiazi mmea umekufa, haukuachii mbegu. Hifadhi ilitangazwa 2005, na maua ndiyo sababu kubwa, kuna aina zaidi ya 40 za okidi pale. Wazee wanapaita Bustani ya Mungu. Nilikuwa mtoto nikienda kuchunga ng'ombe, kulikuwa na sehemu moja karibu na mto, mwezi wa pili ilikuwa njano yote mpaka huoni majani. Nimepita mwaka jana, mashimo tu. Sikulaumu wewe mama, hata wachimbaji ni watu wa kwetu wanaotafuta ada ya watoto. Lakini ukinunua uliza inatoka wapi.

#42 Mama_Bisikiti
Umenigusa mwanangu. Nitauliza.

#43 Dokta_Bujie
Turudi kwenye mgonjwa. Kuna mtu hajataja kofia ya bujie. Ule mpira ukipasuka, hata kama unywele, kwenye ukavu inafanya kazi vizuri. Ikilowa, umeme unakimbilia kwenye mota badala ya kupita kwenye bujie. Joto la mota likikausha, inarudi. Chimala kulikuwa na jua, ikakauka, ikapona. Ukitaka kujua, ingiza moto kwenye chumba cha giza usiku, iwashe, nyunyizia maji kidogo kwenye kofia na kwenye waya. Kama kuna mpasuko utaona vimwali vya bluu vinacheza. Usiguse kwa mkono.

#44 Fundi_Likasi
Hiyo naikubali kama ya pili. Ya kwanza ni mlima.

#45 Rafiki_wa_Safari
Jambo. Mimi ni wa tatu kwenye safari, mwenye ile ya enjeksio. Nimeona uzi leo, na nasema kitu bila kumuharibia ndugu yangu jina. Moto haikuanza kukohoa kule juu. Ilianza mara tu tulipotoka Matamba, ukungu haujafika, kulikuwa na jua bado. Nilikuwa nyuma yake, nilisikia. Aliniambia ni vumbi. Na haikuwa kilomita sita, ilikuwa karibu kumi na mbili, nilikuwa naangalia konta ya kilomita kwa sababu ya esanse yangu.

#46 MtotoWaTunduma
Alitoka Matamba na mafuta ya chupa. Sisemi tena.

#47 Bukavu_Moja
Kama ilianza kwenye jua, barafu yangu inapungua nguvu, nakubali. Lakini inaweza kuwa vitu viwili. Kidogo cha mlima au cha esanse kilianza kuidhoofisha, ukungu ukamaliza.

#48 Mwana_Katuba
Nimesoma ya rafiki yangu. Ni kweli, sasa nimekumbuka ile ya vumbi. Aksanti kwa kusema.

Na jana nilifanya vyote mlivyosema, nilimaliza usiku wa manane. Nilifungua ile bisi ya chini ya karabirateri, nikamimina kwenye chupa ya kioo, nikaiweka mbele ya tochi. Chini ya esanse kulikuwa na matone manne, mviringo, yanatembea kama macho ya samaki. Maji. Madogo sana, yote pamoja hayajai kofia ya kalamu ya bic. Fundi wangu alikuwa amesema iko safi, lakini alifungua wiki mbili nyuma, na tangu hapo moto imenyeshewa hapa mjini mara nyingi, kwa hiyo sijui ni maji ya Matamba au ya Lubumbashi.

Kisha chumba cha giza. Nilinyunyizia. Vimwali viwili, vitatu, karibu na kofia, vidogo kabisa. Mtoto wangu aliviona kabla yangu.

Katundu ka kifuniko nako kalikuwa na udongo mwekundu. Nilikatoboa na sindano.

#49 Dokta_Bujie
Vimwali!! Kofia.

#50 MtotoWaTunduma
Maji!! Chupa.

#51 Yaya_Kenya
Na udongo kwenye katundu mnauruka? Pua ilikuwa nusu imezibwa tangu zamani, plastiki ikamalizia.

#52 Fundi_Likasi
Vyote hivyo moto ilikuwa navyo Mpika na Tunduma ikatembea. Ilipopata mlima ikalala. Jigleri.

#53 Mwalimu_Kampemba
Fundi amesema kitu cha maana hapo ingawa nabishana naye. Mwana_Katuba, ukirekebisha vyote kwa mara moja hutajua kamwe ni kipi. Ungeacha kimoja.

#54 Mwana_Katuba
Mwalimu, kujua nataka, lakini kulala tena kwenye baridi ile sababu ya kujua, mke wangu atakataa. Kofia ya bujie nimebadilisha. Nilifikiri nijaribu Kundelungu, uwanda wetu wa juu huku Katanga, mwezi wa 4.

#55 Rafiki_wa_Safari
Kundelungu haitatosha, uwanda wake uko kama mita 1,600, 1,700. Hiyo ni Mbeya mjini, na Mbeya moto ilikuwa nzima.

#56 Bukavu_Moja
Njoo huku kwetu siku amani ikikaa vizuri, tutakupandisha mpaka ukungu ukuchoke.

#57 Goma_Ndosho
Amina kwa hiyo.

#58 Dereva_Kasumbalesa
Nimechelewa. Wale wanaotaka kwenda: msisahau kadi ya njano ya COMESA kwa assurance (bima). Tanzania ilitoka COMESA mwaka 2000 lakini kadi wanaikubali, msikubali mtu awauzie ingine mpakani. Na Kasumbalesa ukivuka tu unahamia kushoto. Asubuhi ya pili ndiyo watu wanasahau, wanatoka kwenye hema na usingizi wanashika kulia. Nimeona ajali mbili hivyo.

#59 Kijana_wa_Makete
Ukirudi niandikie kabla, nitakupokea Matamba. Mafuta tutabeba kutoka Chimala kwenye bidoni yako, chupa tuachane nazo, na tutaondoka saa kumi na mbili kamili asubuhi. Mwezi wa pili, uone njano iliyobaki.

#60 Mwana_Katuba
Mwezi wa pili basi. Nitakuja na jigleri ndogo ya Fundi kwenye mfuko, kipima joto cha kupima ile barafu ya Bukavu_Moja, na maharage yaliyolowekwa.

#61 Yaya_Kenya
Na ikizima, mbele ya kupiga kiki hata moja, fungua kifuniko na uweke sikio.